Tupeane uzoefu: Krismasi ukiwa utumishini, mbali na nyumbani

Mwanzisha mada

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mwinjilisti, mzaliwa wa Marangu, na tangu mwaka 2021 ninatumika katika mtaa mdogo mkoani Lindi. Anayewafahamu Wachaga anajua kwamba kwetu, Desemba ikifika, mtu habaki mjini bila sababu nzito: mabasi ya Moshi hujaa, nauli huwa gumzo, mbuzi huchinjwa, na asiyeonekana huulizwa mbele ya ukoo mzima yuko wapi. Ibada yenyewe hainitii unyonge, kwa kuwa nina mahubiri, kwaya na sadaka za kushughulikia. Unyonge hunijia saa nane mchana, washarika wangu ishirini na kitu wanapokuwa wametawanyika, kila mmoja kwenye chungu chake, nami nimebaki na ufunguo wa kanisa mkononi. Mwaka wa kwanza nilikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu, mpaka alipofika mtoto wa majirani zangu, ambao ni Waislamu, amebeba sahani ya wali wa nazi na samaki iliyofunikwa kwa kawa, akasema, "Mama amesema leo ni sikukuu yenu." Naomba tupeane uzoefu: ninyi mliotumwa mbali, saa ile mliipitishaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilitumikia misheni ya miaka miwili nchini Uganda, katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nikarudi Kenya mwaka 2017. Vijana wanaotumikia sasa huenda wasituelewe, kwa sababu tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na wazazi wao kila wiki, katika siku ya maandalizi, yaani ile ya kufua, kununua mahitaji na kuandikia nyumbani. Wakati wetu tuliandika barua pepe kila wiki, lakini sauti za nyumbani tulizisikia mara mbili tu kwa mwaka, Siku ya Mama na Krismasi. Kwa hiyo saa hiyo inayokutia unyonge, Mwinjilisti, sisi tuliihesabia siku. Krismasi ya 2015 nilipiga simu Kakamega, wakaiweka mezani ili wote wasikie, na shangazi, wajomba na majirani wakapanga foleni ya kunisalimu, kila mmoja akiuliza kama huko Jinja kuna mvua. Mama, kwa ile adabu ya mwenye nyumba, alijiweka wa mwisho. Alipofika tu kwenye "Mwanangu, unakula vi...", salio likakatika. Mwenzangu wa misheni, kijana kutoka Zambia, ambaye naye alikuwa akiisubiri zamu yake tangu alfajiri, alinipa dakika tano za simu yake bila kuombwa. Sijui kama mimi ningempa.

Mchangiaji wa pili

Tumsifu Yesu Kristo. Kwangu ugumu ulikuwa wa kalenda. Shirika letu lilinituma kuhudumu katika zahanati nchini Ethiopia, ambako Krismasi, wanayoiita Gena, huadhimishwa tarehe 7 Januari, na wiki zinazoitangulia ni za mfungo usioruhusu nyama, mayai wala maziwa. Tarehe 25 Desemba ilikuwa siku ya kazi kama nyingine: nilipima watoto homa, nikafunga vidonda, na mchana nikala injera kwa shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, huku simu ikinionyesha picha za pilau kutoka Bukoba. Gena ilipowadia tulisali usiku kati ya watu waliojitanda mashuka meupe, tukala mchuzi wa kuku wenye mayai, vijana wakacheza mchezo wao wa fimbo na mpira uwanjani, nami nikapiga simu nyumbani nikiwa na furaha tele. Kaka yangu alipokea akiwa kazini, akauliza kwa mshangao, "Krismasi ipi tena, Sista?" Mwaka uliofuata sikupiga.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni padre. Saa nane mchana ya Krismasi huwa niko kwenye pikipiki kati ya kigango cha tatu na cha nne, kwa hiyo upweke hunikuta tarehe 26, nao ukiwa umechelewa kama mimi. Nikianza kujihurumia humkumbuka Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosina na binti yao mchanga mwezi Julai mwaka uleule. Mwenzake Rebmann hakufika mpaka 1846, maana yake Krismasi mbili zilimpita bila mke wala mmisionari mwenzake. Mwinjilisti, sahani ya jirani uliirudishaje? Pwani sahani hairudi tupu.

Mwanzisha mada

Padre, umenigusa penye aibu. Nilimwagiza mama anitumie mkungu wa ndizi mshare kwa basi, nimpikie jirani machalari ya kwetu. Mkungu ulikaa njiani siku tatu, ukabadilishiwa gari Dar es Salaam, ukafika Lindi umeiva wote na kupasuka maganda, na machalari hayapikwi kwa ndizi mbivu. Nilizipanga hivyo hivyo juu ya sahani, nikaenda kuomba radhi. Jirani alizitazama, akaniuliza kama nina haraka, akakuna nazi, akatia iliki, na jioni ile tukazila barazani kwake pamoja na watoto.