Naomba ushauri: samaki wa kuchoma kwa mzee mwenye shinikizo la damu

Mkazi wa Temeke: Ndugu zangu, poleni na joto. Ninaishi na baba yangu mwenye umri wa miaka 68, ambaye daktari amemtaka apunguze chumvi na mafuta. Kwa kuwa msimu huu wa kaskazi jiko letu la ndani halikaliki, nimehamishia mapishi uani, ninachoma badala ya kukaanga. Jumapili nilinunua changu wawili pale Feri, nikawapaka ndimu na viungo vya pakiti tangu asubuhi. Jioni nyama ilikuwa imelegea, ngozi yote ikabaki kwenye wavu, na mzee alipoonja akauliza kama nimempikia kwa maji ya bahari. Nimekosea wapi, na nimwandalie nini pembeni badala ya chipsi?

Mvuvi Mstaafu: Pole, mwanangu. Kilichomponza samaki wako ni hiyo ndimu ya asubuhi, kwani ukali wake huilegeza nyama kabla haijaona moto. Nusu saa inatosha kabisa. Mchanje kila ubavu, umkaushe kwa kitambaa safi, kisha upake mafuta kidogo kwenye wavu na kuuacha upate moto barabara ndipo umlaze. Akiwa bado anang'ang'ania wavu, usimbandue kwa nguvu, maana ngozi ikiiva hujiachia yenyewe.

Muuguzi wa Zamu: Mimi nina wasiwasi zaidi na hiyo pakiti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hata iliyomo kwenye mkate. Viungo vingi vya pakiti vimejaa chumvi, kwa hiyo twanga mwenyewe kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nzima, halafu mpake samaki ukwaju mzito dakika za mwisho. Chumvi mbadala yenye potasiamu usimpe bila kumwuliza daktari wake, hasa ikiwa figo zake zina tatizo.

Binti wa Uani: Dada au kaka, subiri mkaa ushike majivu meupe na ndimi za moto zitulie. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi usiofaa kwa afya, hivyo sogeza makaa upande mmoja. Pembeni choma biringanya nzima mpaka ganda liungue, umenye, uiponde na nyanya na kitunguu. Kwangu hiyo imefukuza chipsi kabisa. Bamia nazo zitunge kwenye vijiti, zisidumbukie motoni.

Mkazi wa Temeke: Ahsanteni sana. Jana nilimchoma changu mmoja bila chumvi, akageuka bila kuacha ngozi, ingawa bamia tatu zilinitumbukia kwenye makaa. Mzee alikula ubavu mzima kimya, akachukua na kichwa, kisha akauliza kama ule ukwaju umebaki.