Maji ya Galanos, Tanga: joto linatoka wapi kama hakuna volkeno?

MwanaChumbageni:
Wakuu, habari za leo. Wikiendi nilimpeleka shangazi Galanos, zile chemchemi za salfa jirani na mapango ya Amboni. Magoti yanamsumbua, na wazee wa hapa wanapaamini mno. Harufu ya yai viza ilitupokea kabla hatujayaona maji. Pete yake ya fedha ikatoka nyeusi tii. Alijaza dumu ili aendelee kujikanda nyumbani. Kesho yake harufu hamna na maji yameingia weupe kama yametiwa maziwa kidogo. Sasa volkeno ya Tanga iko wapi? Na dumu lile bado lina dawa?

Nyundo77:
Volkeno ipo chini imelala. Maji hayapati moto bila moto. Ikiamka, tusilaumiane.

FundiMaabara:
Nyundo77, usiwatishe watu bure. Ardhi yenyewe ni ya joto: sehemu nyingi, kila kilomita moja ya kushuka inaongeza nyuzi 25 hadi 30 hivi. Mvua ikipata ufa wa kuifikisha kilomita mbili chini na njia ya kupandia haraka, inatoka ya moto bila kukutana na volkeno. Mfano ni Bath, Uingereza. Maji yanatoka na nyuzi kama 45, Warumi wakajenga mabafu juu yake, na ni mvua tu iliyozama kwenye mawe ya chokaa. Amboni nako ni chokaa.

Harufu ni hidrojeni salfaidi. Kwenye miamba ya namna hii, kawaida maji huyeyusha jasi njiani na kubeba salfeti, yaani chumvi yenye salfa. Huko chini kusiko na oksijeni kuna bakteria wanaoishi kwa kuigeuza salfeti hiyo kuwa gesi. Gesi ikishika fedha inakuwa salfaidi ya fedha, ndiyo weusi wa pete. Mwambie shangazi asiitupe: atandaze karatasi ya alumini kwenye bakuli, aweke pete juu yake, amimine maji ya moto yenye magadi ya kuokea. Itarudi.

Kuhusu dumu, nitasema wazi hata kama nitawaudhi wauzaji wa maji ya tiba: gesi nyingi imeshapaa, na iliyobaki imekutana na hewa ikawa chembe ndogo za salfa. Ndio weupe ule. Kujikanda sawa, joto husaidia magoti, lakini hata maji ya bomba yaliyopashwa yangefanya kazi hiyo. Asiyanywe. Na mkienda kuoga msikae kwenye shimo lisilopitisha upepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, na ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu kupotea ghafla si dalili njema.

Binti_Jiolojia:
Shikamoo fundi. Tunajuaje joto la kule chini bila kuchimba kisima?

FundiMaabara:
Marahaba. Pima silika, ile madini ya mchanga, iliyoyeyuka kwenye maji. Maji yakiwa ya moto zaidi huyeyusha kwazi (jiwe la silika) zaidi, na yakipanda haraka silika haiwahi kuganda. Miligramu 20 za silika kwa lita zinakupa joto la chini la nyuzi 63 hivi. 50 zinakupeleka kwenye 100 na ushei. Ila kipimo cha kukadiria joto kwa sodiamu na potasiamu, ambacho watu wa Bonde la Ufa wanakipenda, usikitegemee kwenye maji vuguvugu ya chokaa. Hayakukaa kwenye joto la kutosha hadi kemia yake ilingane na ya mwamba, utapata namba za ajabu. Magnesiamu ikiwa nyingi, shuku maji baridi yamechanganyika juu juu. Na kwa kuwa bahari iko karibu, pima kloraidi na bromaidi: maji ya bahari yana uwiano wa kama 290 kwa 1 kwa uzito, ukiupata huo shuku bahari imeingia.

Joto na pH (kipimo cha uchachu) pima palepale kwenye jicho la chemchemi, maana kaboni dayoksaidi ikitoka pH inapanda. Chupa ya silika iwe ya plastiki, kioo kinachangia silika yake. Ya kalsiamu chuja kwanza, kisha tia matone ya asidi ya nitriki. Ya salfaidi tia zinki asetati hapohapo ili iishike isipotee na uijaze hadi mdomoni. Nimeshaletewa maabara chupa nusu, imesafiri kwenye buti la gari siku nzima, na mteja anataka majibu ya salfaidi. Nilimwandikia sifuri.

MwanaChumbageni:
Asante fundi. Pete imeng'aa. Dumu amekataa kumwaga.