Opresheni ya titi wiki mbili zijazo, niandae nini nyumbani?

UaLaAsubuhi

Habari zenu wapendwa. Nimekutwa na kansa titi la kushoto, daktari amesema wanalitoa lote na tezi za kwapani wanazicheki hukohuko. Nna wiki mbili. Ugonjwa wenyewe nimeshaelezwa mpaka nimechoka ila vile vitu vidogo vidogo hakuna anayeniambia, yaani nikirudi nyumbani nalalaje, navaa nini, naoga lini, mkono utanyanyuka au ndo basi? Halafu wameniambia nitarudi na dreni mbili, mimi nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa kumbe hata sijui ni mdudu gani. Nna mtoto wa miaka miwili na yeye ni wa kubebwa tu. Mume wangu ndo atanihudumia, mtu mzuri sana lakini akiona damu anakaa chini. Mliopitia niambieni kama mnaongea na mdogo wenu, msinifiche.

MamaPacha

Pole sana mdogo wangu. Mimi nilitolewa la kulia, sasa ni mwaka wa tatu. Ngoja nianze na dreni maana hiyo ndo iliyonitesa kuliko kidonda chenyewe.

Dreni ni mpira mwembamba unatokea kwenye ngozi chini ya kidonda, mwisho wake kuna kichupa laini cha kuminya. Pale walipotoa titi panabaki uwazi na mwili unajaza majimaji humo, sasa kile kichupa kinayavuta yatoke. Ukimwaga unakiminya kiwe bapa ndo unafunga kifuniko, kikiwa kimetuna kama puto ujue hakivuti kitu. Kila siku unapima mililita ngapi zimetoka na unaandika, kila dreni na hesabu yake, usichanganye. Siku za mwanzo ni damu damu, baadae inakuwa pinki halafu njano. Kwangu walisema ikishuka chini ya 30 kwa siku, siku mbili mfululizo, wanatoa. Moja ilitoka siku ya 11 nyingine siku ya 16, na hiyo ya pili niliichukia jamani. Usiku wa kwanza nyumbani niliiacha inaning'inia, nikajigeuza usingizini ikavutika pale kwenye uzi, nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Kuanzia hapo nikawa naibana na pini upande wa ndani wa nguo.

Nguo iwe ya vifungo mbele, pana, ya kuvulia kichwani isahau kwanza. Kulala mimi nilikuwa nusu nimekaa, mito mgongoni na mmoja mdogo chini ya mkono ili mkono usivute kidonda. Na wiki hii pita ndani ushushe kila kitu unachokitumia kilichoko juu, ukiweke usawa wa kiuno. Mimi sikufanya hivyo, siku ya nne nikawa nimesimama naangalia kabati kama mgeni.

Mtoto ndo kazi kweli, kumnyanyua hapana mpaka daktari akuruhusu, na hizo ni wiki kadhaa sio siku mbili. Mfundishe kuanzia leo kupanda mwenyewe pale ulipokaa, aje upande wa kulia, wewe weka mto kifuani. Usingoje ukitoka hospitali, ataona umemkataa.

Wa_Vifungo

Mimi ni mume, mke wangu alifanyiwa mwaka jana. Jina nilipewa hapa nyumbani kwa sababu kila asubuhi nilikuwa namfunga vifungo vya shati na vidole vyangu hivi vinene.

Shemeji, mumeo asisubiri mfike nyumbani ndo aione hiyo dreni. Kabla hamjaruhusiwa aombe nesi amwonyeshe, halafu amwage yeye mwenyewe nesi akiwa amesimama pembeni. Mi nilidhani nitaanguka, ila ukishashika kile kichupa akili inahamia kwenye namba, unasoma 45 unaandika 45 woga unakata wenyewe.

Mnaporudi na gari wekeni mto mdogo kati ya mkanda na kifua, kila tuta mtalihesabu. Na zile dawa kali za maumivu zinafunga choo, hilo hakutuambia mtu mpaka siku ya tano mtu analia chooni, ulizeni mapema dawa ya kulainisha.

Kitu kimoja nilikosea nikiseme. Siku alipofungua bandeji ajiangalie nilijikaza, nikajifanya jasiri mno, nikasema "mbona safi tu" haraka haraka na taulo mkononi. Akanyamaza. Baada ya mwezi ndo ananiambia alihisi nataka yapite. Sasa shemeji mwambie kabisa kabla unataka akae au atoke, sisi wanaume hatujui kubahatisha hayo mambo.

Kimyakimya88

Pole dada. Ushauri wangu huo mkono usiuguse kabisa miezi mitatu, shangazi yangu aliutumia mapema ukavimba mpaka leo.

NesiWaZamu

Kimyakimya pole ya shangazi, ila hapo hapana. Mkono unavimba kwa sababu tezi za kwapani zikitolewa au zikipigwa mionzi njia ya majimaji inakuwa imepungua, sio kwa sababu mtu alichana nywele. Ukiufunga miezi mitatu bega linakakamaa na hapo hata kunyoosha mkono upigwe hiyo mionzi unashindwa. Nimefanya wodi ya upasuaji miaka mingi, tunaanza kesho yake: kukunja na kufungua ngumi, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega taratibu. Kunyanyua unaishia usawa wa bega mpaka dreni zitoke, baada ya hapo unakaa mbele ya ukuta vidole vinapanda kidogo kidogo. Kuvutika kupo, maumivu makali acha. Wengine baada ya wiki chache wanaona kama kamba imetokeza kwapani inashuka mkononi, wanashtuka, inatibika kwa mazoezi ya kunyoosha, mwone mtu wa fiziotherapia.

UaLaAsubuhi kabla ya kwenda taja kila unachokunywa, aspirini, dawa za kulainisha damu, na za mitishamba usizione aibu, zingine zinaongeza damu kutoka. Lakini usiache dawa ya daktari kwa akili yako, uliza. Kwapa usinyoe kwa wembe nyumbani, vile vikato ndo mlango wa wadudu. Rangi ya kucha toa. Kuoga utaambiwa kulingana na bandeji yako, wengine wanaruhusiwa mapema kuliko wanavyodhani. Kama watatumia ile dawa ya bluu kutafuta tezi ya kwanza, yaani ile ya kwapani inayopokea majimaji ya titi kabla ya nyingine, mkojo utatoka bluu au kijani, usipige simu usiku wa manane. Simu piga ukiwa na homa ya 38, au wekundu unaosambaa, usaha, au kifua kimevimba ghafla upande mmoja. Dreni zikishatoka maji yanaweza kujaa tena kidogo, wanayavuta na sindano, na wengi hata hawaisikii maana pale pana ganzi.

MamaPacha

Ganzi umenikumbusha! Mdogo wangu, ndani ya mkono juu huku mpaka leo nikigusa ni kama naushika mkono wa mtu mwingine. Na siku moja chuchu iliniwasha, chuchu ya titi ambalo halipo. Nikajikuna hewani. Nilidhani nimechanganyikiwa kumbe ni mishipa ya fahamu, inatokea kwa wengi.

Halafu majibu ya nyama, yaani ile waliyoitoa wakaipeleka maabara kupima, zile siku za kuyasubiri ndo ndefu kuliko zote, usikae peke yako.

UaLaAsubuhi

Jamani asanteni, nimesoma nikalia nikarudia kusoma. Shemeji Wa_Vifungo, mume wangu ameisoma post yako mara mbili hakusema kitu, usiku nikamkuta jikoni na kikombe cha kupimia anamwaga maji anasoma namba. Nimemwambia siku ya kufungua bandeji akae, ila asiseme kitu.

Mtoto ameshaanza kupanda kochi mwenyewe. Tatizo bado anakuja na kushoto.