Wakuu, hizi njia za waenda kwa miguu hapa Dar zinajengwa kwa ajili ya nani?

Wakuu, leo nimechoka kunyamaza. Barabara ikizinduliwa tunaonyeshwa lami, taa, na njia ya pembeni iliyopangwa pevingi ikapangika. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, wanaondoka. Warudi basi baada ya masika moja, waje na mzee wa miaka 70 mwenye mkongojo, wapite naye hapo mita 200 tu.

Mama yangu yuko Sinza. Duka la dawa liko karibu, lakini njia yenyewe ni mitego mitupu. Pevingi kidogo, halafu mwenye fremu kapandisha mbele ya duka lake kwa zege, unapanda. Fremu inayofuata iko chini, unashuka. Ya tatu kamwaga malumalu za ndani, zile za kung'aa, mpaka ukingoni mwa barabara ili duka lipendeze. Mvua ikinyunya tu zinateleza kama mlenda. Mbele kuna mtaro: kifuniko kimoja kimevunjika nondo zimechomoza, kingine hakipo kabisa. Hapo mama anashuka barabarani, bajaji zinampigia honi mgongoni. Bodaboda nao wako juu kwenye njia yake, wanakwepa foleni!

Vijana hamlioni hili kwa sababu mnaruka. Mzee haruki. Mguu wake haunyanyuki sana, anauburuza, kwa hiyo tofali likiinuka sentimita 2 linatosha kumwangusha. Mwenye mtoto wa jicho ndiyo kabisa, ngazi yenye rangi moja na sakafu anaijua akishakanyaga hewa. Akidondoka, nyonga. Na nyonga kwa mzee mnaijua: kitanda, upasuaji, hela, na wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Haya, njoo kwenye zebra za taa. Kipimo kinachotumika sana duniani kupangia muda wa kuvuka ni mita 1.2 kwa sekunde. Uingereza walipopima watu wa miaka 65 na zaidi, utafiti uliotoka 2012, wastani ulikuwa 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Piga hesabu. Barabara ya mita 12, kwa kipimo hicho anapewa sekunde 10, bibi anahitaji 15. Hizo 5 yuko katikati ya lami na daladala zishaanza kuunguruma.

Asije mtu na habari za bajeti. Pevingi si zilinunuliwa? Zimetitia kwa sababu chini hapakushindiliwa. Mteremko wa kushukia barabarani unatumia zege lile lile la ngazi. Na msikimbilie machinga, meza inahamishika jioni. Zege la mwenye fremu haliendi popote, na hakuna aliyemuuliza kibali. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Inasomwa wapi?

Ninachotaka mimi, mkandarasi asimaliziwe hela yake mpaka wazee wa mtaa husika watembezwe njia nzima, na mainjinia wakiwa nyuma yao. Na mwenye malumalu azing'oe kwa gharama zake.

Kuna mdau humu amewahi kudai kifuniko cha mtaro kikarudishwa kweli? Ulianzia ofisi gani? Mimi serikali ya mtaa wameniambia hiyo ni kazi ya watu wa barabara, watu wa barabara wakanirudisha kwa mtaa.