Folda za Samba kupitia handaki la SSH: Windows 11 inagoma poti 445

kijana_wa_ofisi:
Wakuu, habari zenu. Seva ya faili ipo ofisini Arusha, ni Ubuntu 22.04 yenye Samba (programu ya kugawa folda kwa mtandao, husikiliza poti 445), folda inaitwa hati. Ruta inapitisha poti 22 tu kwenda kwenye seva na sitaki kufungua nyingine. SSH yenyewe (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ndiyo inayotumia poti 22) naingia vizuri nikiwa nje. Nataka folda ipite ndani ya SSH, yaani handaki, kwa hiyo kwenye Windows 11 naandika:

`ssh -N -L 445:127.0.0.1:445 mhasibu@anwani-ya-ofisi`

Najibiwa `bind [127.0.0.1]:445: Permission denied`, hata nikifungua terminali kama msimamizi. Nikibadili 445 ya kushoto kuwa 4450 handaki linasimama, ila `\\127.0.0.1:4450\hati` Windows haiitambui, na `\\127.0.0.1\hati` inasema folda haipo. Mwenzangu wa Ubuntu naye handaki linasimama, lakini akiunganisha folda terminali inatema `channel 2: open failed: connect failed: Connection refused`. Tunakosea wapi?

waya_mrefu:
Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. Naanza na la Windows.

Poti 445 ya laptopu yako ina mwenyewe tayari. Andika `netstat -ano | findstr :445`, utaona LISTENING na namba 4 mwishoni. Huyo ni Windows mwenyewe, kwa huduma yake ya kugawa folda na printa, na hata ukiwa msimamizi hakupishi. Ile `\\127.0.0.1\hati` haikufika Arusha kabisa. Ilibisha hodi kwenye laptopu yako, ambayo haina folda ya jina hilo.

Nukta mbili na namba ya poti ndani ya njia ya `\\` hazikubaliki, usihangaike nazo. Andika `winver` uone toleo. Kama ni 24H2 au jipya zaidi, acha handaki kwenye 4450 kisha:

`net use Z: \\127.0.0.1\hati /TCPPORT:4450 /USER:mhasibu`

Nenosiri litakaloulizwa ni la Samba, lile lililowekwa kwa `smbpasswd`, si la SSH. Wengi wanakwama hapo wakidhani handaki ni bovu. Tena 24H2 Pro inadai mawasiliano yatiwe saini, kwa hiyo folda iliyoachwa wazi kwa mgeni asiye na nenosiri haitafunguka. Tengeneza mtumiaji halisi.

bi_terminali:
Naongezea la Ubuntu, ambalo hata wewe wa Windows utakutana nalo ukishavuka la kwanza.

Anwani iliyo katikati ya `-L` inasomwa upande wa seva. 127.0.0.1 pale ni seva yenyewe, si laptopu. Kwa hiyo hiyo Connection refused imetoka Arusha: sshd (programu ya SSH ya upande wa seva) alikwenda 127.0.0.1:445 akakuta hakuna anayesikiliza. Ukiwa kwenye seva andika `sudo ss -ltnp | grep 445`. Ukiona anwani ya ndani peke yake, mfano 192.168.1.10:445, fungua /etc/samba/smb.conf; karibu hakika utakuta hivi:

`interfaces = 192.168.1.10/24`
`bind interfaces only = yes`

Ongeza `lo` kwenye mstari wa kwanza, iwe `interfaces = lo 192.168.1.10/24`, pitisha `testparm` kukagua makosa, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Usipotaka kugusa Samba, badili handaki: `-L 4450:192.168.1.10:445`. Njia hii ya pili ndiyo ya kutumia pia pale faili zinapokaa kwenye mashine nyingine na SSH inaingilia kwenye mashine ya mlangoni.

Kisha mwenzako asakinishe cifs-utils (kifurushi cha kuunganisha folda za Samba) na kuandika:

`sudo mount -t cifs //127.0.0.1/hati /mnt/hati -o port=4450,username=mhasibu,uid=$(id -u)`

Akisahau `uid`, faili zitaonekana ni mali ya root na hataweza kuandika. Mwenye Mac ni rahisi zaidi: Finder, Command+K, `smb://mhasibu@127.0.0.1:4450/hati`.

mpita_njia:
Mbona mzunguko wote huu? Fungueni 445 kwenye ruta muunganishe moja kwa moja.

bi_terminali:
Hapana ndugu. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilisambaa kwa kupitia poti hiyo hiyo, na kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu Machi. Kampuni nyingi za intaneti zinaizuia 445 njiani, kwa hiyo hata ukiifungua unaweza usifike.

kijana_wa_ofisi:
Asanteni sana, ilikuwa `bind interfaces only` kweli, na Z: imefunguka. Yamebaki mawili. Nikitumia intaneti ya simu handaki linakufa baada ya muda, Explorer inaganda. Na laptopu ya bosi ni 23H2, haina /TCPPORT.

waya_mrefu:
La kuganda: mtandao wa simu unasahau muunganisho uliokaa kimya, na upande wako haujui kuwa umekatwa. Weka kwenye faili la .ssh/config:

`ServerAliveInterval 30`
`ServerAliveCountMax 3`
`ExitOnForwardFailure yes`

Hapo ssh inagonga kila sekunde 30, ikikosa jibu mara tatu inajifunga badala ya kujifanya hai. Kwenye Linux, autossh (programu inayoianzisha ssh tena ikifa) yenye `-M 0` italisimamisha handaki upya.

Ya bosi: ama apandishe toleo, ama azime huduma ya kugawa, `sc config lanmanserver start= disabled` (nafasi baada ya alama ya sawasawa iwepo), kisha awashe upya mashine. 445 itakuwa huru, na ile amri yako ya kwanza itafanya kazi kama ilivyo. Gharama yake ni kwamba laptopu hiyo haitagawa folda wala printa kwa wengine. Ipo pia njia ya kadi ya mtandao ya bandia na `netsh portproxy`, lakini sipendi kumwachia bosi kitu ambacho sasisho moja likipita kinavurugika.

Na usiitarajie Z: iwe kama ya ofisini. Samba inaulizana na seva mara nyingi kwa kila faili. Chukua safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 80, maulizo matano kwa faili moja, faili 1,000: sekunde 400 zimeisha kwa kuulizana tu. Kunakili rundo la faili tumia WinSCP au rsync, zote zinapita poti 22 hiyo hiyo bila handaki. Faili la Access (hifadhidata ya Microsoft) usilifungue kwenye Z: hata siku moja; handaki likikatika katikati ya kuandika, linaweza kuharibika.

bi_terminali:
Kabla hujampa bosi ufunguo wa SSH, mfungulie akaunti isiyo na shell, yaani isiyoweza kuandika amri kwenye seva (/usr/sbin/nologin, `-N` haiihitaji shell), na kwenye authorized_keys, faili la seva lenye funguo zinazoruhusiwa, tanguliza mbele ya ufunguo wake:

`restrict,port-forwarding,permitopen="127.0.0.1:445"`

Ufunguo ukiibiwa, mwizi ataishia kwenye Samba tu, na huko bado kuna nenosiri. Angalia herufi: akiandika `-L 445:localhost:445` atakataliwa kwa `administratively prohibited`, kwa sababu sshd inalinganisha maandishi yalivyo, haitafsiri jina. Ujumbe huo huo ukitokea kwa watumiaji wote, tafuta `AllowTcpForwarding no` kwenye sshd_config.