MREJESHO: Kuutafuta ukoo wetu, hapa ndipo nilipofika

Wakuu, niliwauliza nianzie wapi kuutafuta ukoo wetu wa Songea, maana majina yangu matatu yanaishia kwa babu. Mlioshauri wazee kwanza, karatasi baadaye, asanteni sana.

Nilimfuata shangazi yake baba, kwangu mimi ni bibi. Miaka hakumbuki, kwa hiyo nikaacha kuuliza "mwaka gani" nikauliza "kabla au baada ya nini". Hapo akafunguka! Baba yake alibebwa mgongoni wakati wa Majimaji, kwa hiyo alizaliwa muda mfupi kabla ya 1905 au vita ikiendelea, maana iliisha 1907. Babu alikuwa ameshaoa Uhuru ulipopatikana 1961.

Kisha nikaenda parokiani na cheti cha ubatizo cha babu. Kile kinamba ambacho sote hukipuuza ndicho kilichofungua kitabu cha ubatizo cha parokia: jina la baba yake, la mama yake na la msimamizi. La mama lilinifurahisha zaidi, kwani nyumbani alitajwa kama "mama fulani" tu. Andikeni majina ya akina mama, jamani; wajukuu hurithi majina ya babu, na bila mama utawachanganya watu wawili.

Makaburi bado. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipowakusanya watu vijijini, iliwahamisha wazee wetu, hivyo yako mahameni, si kijijini.

Sasa upande wa mama: Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Kuna aliyewahi kufuatilia huko?