DT125 imechoka: niitengeneze, niiwekee injini nyingine, au niiuze nichukue XR150L?

DaktariNgombe (Bukavu)

Wakubwa wa piki, salamu kutoka Bukavu.

Niko na Yamaha DT125 ya tustroki (injini ya mipigo miwili), ile inayopoozwa na hewa. Niliipata kwenye mnada wa shirika lililokuwa linafunga ofisi. Kazi yangu ni mifugo na barabara zangu ni za Walungu: Mugogo, Kaniola, Nzibira, na mara nyingine nashuka mlima wa Ngomo hadi Kamanyola. Nyuma kunakaa glasiere (sanduku la baridi) ya chanjo na begi la dawa, na mara nyingi kijana wa kunishikia ng'ombe.

Injini imechoka. Asubuhi napiga kiki mpaka jasho linanitoka, moshi mweupe unanifuata, na kule Ngomo, pale ilipokuwa inapanda kwa gia ya pili, sasa inaomba ya kwanza. Lakini shasi imenyooka, foroko haivuji, amotisa ya nyuma bado ina nguvu. Ndiyo maana roho inasita kuiuza.

Fundi mmoja wa Kadutu anataka aitoe injini yote aweke CG ya Kichina ya 200, dola 450 pamoja na kulehemu. Mwingine anasema tusage silinda, tutie pistoni ya ovasaizi, basi. Mke wangu anasema niuze, niongeze akiba, nitafute Honda XR150L hata ya mkono wa pili. Nguvu nyingi sizihitaji. Nahitaji kufika chanjo ikiwa baridi na chupa zikiwa nzima, kisha nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mnasemaje?

MotariNyawera (Bukavu)

Docta, jambo. Mama amesema kweli, uza. Ila hiyo XR unaitakia nini? Chukua Boxer ya 150, vua pine za lami, funga za matope, maisha yaendelee. Piyesi za Boxer zinauzwa mpaka Nzibira, kwenye meza moja na sabuni na chumvi. Sheni, kebo ya klachi, segima (ringi za pistoni), chemba ya gurudumu la 17, hukosi. XR pine yake ya mbele ni 19. Ikikuchanikia Kaniola utalala kwa wenye ng'ombe wako.

Na mafuta je? Tustroki inakula, tena unatafuta oili yake kila safari. Akina Kadhafi, wauza mafuta wa barabarani, wanakuuzia esansi ya chupa ambayo hujui imechanganywa na nini, halafu wewe unaongeza mchanganyiko juu ya mchanganyiko.

Fundi_Uvira

Daktari, hapo juu wote wanakwambia ununue nini, hakuna aliyekuuliza ugonjwa. Wewe ungemchoma ng'ombe sindano kabla ya kumpima joto?

Nijibu kwanza: oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja chini? Moshi wako ni mweupe na unadumu hata injini ikiwa ya moto. Kwenye tustroki, chumba cha krenki ndicho kinachosukuma hewa na mafuta kwenda juu, kwa hiyo lazima kizibwe kabisa. Kuna sili mbili, moja kila upande. Ile ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuiunguza. Huo ndio moshi mweupe mzito. Ile ya upande wa sumaku ikichoka, inanyonya hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inapanda mizunguko yenyewe ukiwa umesimama, na siku moja pistoni inakwama. Sili ni vitu vya bei ndogo. Watu wanasaga silinda, wanalipa, moshi unabaki palepale.

Pili, mkitoa silinda, shika fimbo ya pistoni, isukume juu na chini bila kuzungusha krenki. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kucheza juu na chini, hata kidogo tu kwa kusikia kidoleni, ujue beringi ya krenki imekwisha. Hapo hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu krenki nzuri ya DT si ya kuokota sokoni Kadutu.

Ikiwa krenki ni nzima: sili mbili, segima, silinda isagwe kama imeliwa (pistoni za ovasaizi zinapanda kwa robo milimita), na piki hiyo itakuzika wewe.

Jambo la tatu nalisema kwa sababu umetaja Kamanyola. Bukavu mko kama mita 1,500, na hapo hewa imepungua karibu sehemu ya saba ukilinganisha na pwani. Walungu ni juu zaidi. Fundi mwenye akili anakuwekea jikleri ndogo (kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta) ili buji (plagi) isijae masizi. Vizuri. Halafu unashuka Ngomo hadi bonde la Ruzizi, hewa inakuwa nzito, jikleri ni ile ile ndogo, na kule chini kwenye tambarare na joto unafungua mkono wote. Tustroki nyingi zinafia hapo. Fungua buji ukifika: ikiwa kahawia uko salama, ikiwa nyeupe kama chaki, punguza mwendo. Na kwenye mteremko mrefu usifunge gesi moja kwa moja, hasa kama unachanganya oili kwenye tangi, maana ulainishaji wa pistoni unakuja pamoja na mafuta. Gusa gesi kidogo kila baada ya muda.

Kibwe_Lshi (Lubumbashi)

Mimi natetea injini ya CG. Huku tumeziweka kwenye fremu za kila aina na zinakwenda. Asili yake ni Honda CG125 ya mwaka 1976, valvu zinasukumwa na fimbo, hakuna sheni ya ndani ya kukatika, na fundi yeyote anaifungua usiku kwa tochi ya simu. Njia ya Kasenga napita kiangazi na masika, vumbi jekundu na topetope. Fostroki inakupa na breki ya injini kwenye mteremko, kitu ambacho DT inacho kidogo sana. Dola 450 huwezi kununua nayo piki yoyote ya maana.

Fundi_Uvira

Kaka Kibwe, injini sina ugomvi nayo, naijua, ni ngumu. Ugomvi wangu ni kulehemu. Njia yenu ni tambarare. Huku, pikipiki yenye watu wawili na mzigo inapigwa na mawe kutwa, kupanda na kushuka. Vishikio vya CG haviko mahali pa vile vya DT, kwa hiyo fundi anakata na kuchomelea vipande vipya. Pinyo (gia ya sheni) ya mbele ikikaa kando hata milimita tatu na ya nyuma, sheni inakula meno na mwisho inaruka. Sheni ikiruka kwenye kona ya Ngomo, sitaki kueleza.

Aulize swali moja kwa huyo fundi wa Kadutu: nionyeshe piki uliyoifanyia hivi na imemaliza mvua nzima. Akikuonyesha, ipande, kisha simamisha uangalie sheni kwa nyuma, jicho moja limefungwa.

MotariNyawera (Bukavu)

Na karatasi! Namba ya injini iliyoko kwenye karte roze (kadi ya piki) haitakuwa ile iliyoko kwenye chuma. Polisi wa barabarani akiamua kuinama na kusoma, siku yako imeisha, na chanjo inapata joto ikikungoja. Docta, fikiria baryeri (vizuizi) zote za kutoka hapa mpaka Nzibira.

Nesi_wa_Mwenga

Daktari, samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wanaume na vyuma. Mimi pia nabeba chanjo, za watoto, na hakuna hata mmoja hapa aliyezungumzia glasiere.

Kinachovunja chupa ni mtikisiko. Portibagaji (keria) ya kuchomelea, ndefu, inayotokeza nyuma ya gurudumu, inarusha sanduku juu kila shimo. Vyovyote utakavyochagua, sanduku likae juu ya ekseli au mbele yake, likanyage kipande cha mpira wa chemba ya zamani, na lifungwe kwa mpira mpana. Kamba ya nailoni inalegea baada ya kilomita chache. Injini ya kuchomelewa inayotetemesha mpaka usukani, mimi singeipa hata mayai.

Kazini nimezoea Yamaha AG200 na sijui kwa nini hamjaitaja. Ni fostroki ya cc 196, na ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji, watu wa kazi yako kabisa. Sheni yake imefunikwa yote ndani ya boksi, matope ya Burhinyi hayaifikii. Portibagaji inatoka nayo kiwandani, mbele na nyuma. Ina mguu wa kusimamia kila upande, na hilo ukifanya kazi kwenye mlima utalishukuru: kwa XR unatafuta upande wenye mwinuko, kwa AG unasimama popote. Ubaya wake upo. Ni nzito ukiiangusha, breki zake ni za ngoma, na ukivuka mto inabidi uzikaushe kwa kuzibana kidogo huku unakwenda. Za mkono wa pili zinatoka kwenye minada ile ile ulikopata DT.

Hiyo Boxer ya kaka yangu motari ni nzuri mjini. Ekzosi inapita chini, na jiwe la kwanza la Kaniola litaipiga busu.

MotariNyawera (Bukavu)

Dada nesi umeniua 😂 Ekzosi kweli inagonga. Lakini tunabeba watu watatu na mbuzi na tunafika.

Kibwe_Lshi (Lubumbashi)

AG200 ya mnada ni bahati nasibu. Imepita mikononi mwa madereva kumi, kilomita zimeandikwa na shetani. XR150L angalau ukipata iliyotunzwa unajua unachonunua: cc 149, kabureta ya kawaida, diski mbele, ngoma nyuma. Kwa milima yenu apunguze jino moja kwenye pinyo ya mbele. Chukua mfano wa meno 15: ukienda 14, msukumo kwenye gurudumu unaongezeka karibu asilimia 7, na unalipa kwa kiasi hicho hicho kwenye mwendo kasi. Nani anakimbia Walungu?

DaktariNgombe (Bukavu)

Aksanti sana, wote. Fundi, swali lako la ng'ombe limenichoma kidogo lakini nimelikubali.

Jana tumefungua. Oili ya giaboksi ilikuwa imeshuka sana na chini ya injini ni pakavu, kwa hiyo sili ya upande wa klachi imekwenda kama ulivyosema. Silinda imeliwa upande mmoja, ukipitisha ukucha unasikia mistari. Kisha tukashika fimbo ya pistoni. Inacheza juu na chini, na mtoto wangu aliyekuwa ameshika tochi amesikia mlio wake, tik tik.

Bei ya krenki nimeuliza Kampala kwa mtu ninayemwamini. Nikijumlisha pistoni, kusaga, sili na kazi, nafika zaidi ya nusu ya akiba yangu yote, kwa piki ambayo bado nitaisumbukia jikleri kila nikishuka Kamanyola. CG nimeiacha. Nilimwomba fundi anionyeshe kazi yake ya zamani, akanipeleka kwa piki iliyoegeshwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, haina sheni.

Kwa hiyo nauza. Kati ya AG200 na XR150L moyo umeelemea AG, kwa ajili ya sheni na ile miguu miwili. Kuna moja Panzi, mwenyewe anakubali niende nayo na fundi wangu tuifungue kifuniko cha valvu kabla ya kulipa. Ikiwa imechoka, nitarudi kwenye XR na kumtafuta mtu wa kunitengenezea portibagaji fupi, kama alivyosema nesi.

Fundi_Uvira

Sawa kabisa. Ukienda Panzi, kwanza shika injini kwa mkono, iwe baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, anaficha namna inavyowaka asubuhi. Vuta kifuniko kidogo cha mpira kwenye boksi la sheni uangalie ndani. Watu wanasahau kwamba sheni iliyofunikwa nayo inahitaji mafuta, na ikilegea inasikika ikigonga boksi. Angalia pia nyufa pale portibagaji ya nyuma inaposhikana na shasi.

Nesi_wa_Mwenga

Na jaribu kuipandisha mlima na yule kijana wako wa ng'ombe nyuma, usiipande peke yako.

Kibwe_Lshi (Lubumbashi)

Daktari, kama DT unaiuza vipande vipande, ile foroko ya mbele na gurudumu la 21 niwekee mimi. Nitatuma mtu.